Maswali ya Wasomaji: Kampuni ya usalama wa mtandao inatafuta nini uwanjani?

Swali: Kila tunapokaribia mwaka mpya naona ReliaQuest Bowl, mechi ya futiboli ya Kimarekani, kwenye ESPN. Nasikia ReliaQuest ni kampuni ya usalama wa mtandao. Mimi sina cha kununua kwao, mbona wanamwaga hela kwenye futiboli ya vyuo vya Marekani? — Msomaji, Mwanza

Jibu: Ni kweli, hawakulengi wewe. ReliaQuest ilianzishwa Tampa, Florida, mwaka 2007, na huduma zake za kugundua na kuzima mashambulizi huuzwa kwa makampuni makubwa. Anayesaini mkataba ni mkuu wa usalama wa mifumo wa benki au kiwanda, na hadi asaini inaweza kupita miezi. Mtu wa namna hiyo hapokei simu za wauzaji, lakini mwalike kwenye vyumba vya wageni maalumu vya Raymond James Stadium, uwanja wa Tampa mechi inapochezwa, atakaa nanyi saa tatu na nusu bila kuangalia saa. Hapo ndipo biashara ilipo. Majukwaa yaliyojaa ni mapambo tu. Faida nyingine ni ajira: kijana wa Tampa anayesomea kompyuta hulijua jina hilo kabla hajamaliza chuo.

Mdhamini aliyetangulia, Outback, mgahawa wa nyama wa Tampa hiyohiyo, alikuwa na kazi rahisi zaidi. Kwa miaka kadhaa, timu ya Big Ten ikishinda mashabiki walipewa kitunguu cha kukaanga bure, na ya SEC ikishinda walipewa kamba wa nazi (Big Ten na SEC ni makundi ya ligi za vyuo). Jina jipya lilianza kutumika kwenye mchezo wa Januari 2, 2023, Mississippi State ilipoifunga Illinois 19–10, na hapakuwa na cha kukaanga.

Swali: Wachezaji wanapata chochote katika fedha hizo? — Msomaji, Mombasa

Jibu: Si moja kwa moja. Mdhamini huwalipa waandaaji, nao waandaaji hupeleka malipo kwa makundi ya ligi, ambayo huyagawa kwa vyuo vyake. Mchezaji hupewa na waandaaji zawadi zisizozidi thamani ya dola 550. Ila tangu Julai 1, 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao, kwa ukomo wa dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika msimu wa 2025/26.

Swali: Kampuni yetu ndogo ya usalama wa mtandao imeombwa kudhamini mechi ya vyuo. Tuangalie nini kwenye mkataba? — Msomaji, Minneapolis

Jibu: Kwanza, kipengele cha upekee. Mkikubali kiandikwe “usalama wa mtandao” bila ufafanuzi, mtashtukia bango la wauza VPN limesimama kando ya lenu. Orodhesheni huduma moja moja. Pili, masharti ya kuvunja mkataba kwa pande zote mbili. BitPay, kampuni ya malipo ya bitcoin, iliuwekea jina mchezo wa St. Petersburg, Florida, mwaka 2014 kwa mkataba wa hadi 2016, ikaishia mwaka mmoja.

Linalosahaulika zaidi ni anwani za tovuti na barua pepe. Jina likishatangazwa, matapeli husajili anwani za tovuti zinazofanana nalo na kuuza tiketi hewa. Sajilini zile za karibu mapema: herufi iliyorukwa, kistari katikati, neno “tickets” mwishoni. Kisha wekeni DMARC, mpangilio unaosema barua pepe bandia zinazotumia anwani yenu zifanywe nini, kwenye hali ya “none” (zisiguswe), msome ripoti kwa wiki nne hadi sita, mpande “quarantine” (ziwekwe kando), halafu “reject” (zikataliwe). Wanaoruka hatua hupata aibu hii: mtoa huduma anayetuma mialiko kwa jina lao hajaingizwa kwenye SPF (orodha ya wanaoruhusiwa kutuma) wala kupewa funguo za DKIM (saini ya kidijitali ya barua), kwa hiyo mialiko yote ya wateja wakubwa inakataliwa wiki ya mchezo. Kwa kampuni ya usalama, hilo halina maelezo.

Jiandaeni pia kwa siku mbaya. Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa mtandao, lilipozima kompyuta duniani kote, skrini za buluu zilipigwa picha hadi kwenye gereji ya Mercedes ya Formula 1, timu inayodhaminiwa nao.

Swali: Nataka kwenda na watoto kwenye ReliaQuest Bowl. Muuzaji wa Facebook ananitumia picha ya tiketi nikimlipa kwa Zelle, huduma ya kutumiana fedha kupitia benki za Marekani. — Msomaji, Orlando

Jibu: Usilipe. Msimbopau wa SafeTix, tiketi za simu za kampuni ya Ticketmaster, hubadilika kila sekunde chache, hivyo picha ya skrini haikubaliwi mlangoni. Muuzaji wa kweli huihamishia tiketi kwenye akaunti yako ndani ya programu. Fedha ya Zelle ikishatoka ni vigumu sana kuirudisha. Kwa kadi ya mkopo una siku 60 tangu utumiwe taarifa ya malipo kuyapinga kwa maandishi. Ihifadhi tiketi kwenye simu ukiwa nyumbani, maana getini mtandao hulemewa. Mkoba uwe wa plastiki angavu, usiozidi sentimita 30 kwa 15 kwa 30.