Mistari ya rangi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naimba soprano kwaya ya kanisani hapa Moshi. Natamani nyimbo mpya za watunzi walio hai. Wenzangu wanasema nitaharibu sauti. Ni kweli? – Binti wa Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana. Mwaka 1958 mtunzi John Cage alimtungia Cathy Berberian, mwimbaji wa Marekani, wimbo *Aria*: badala ya nota, mistari inayopinda, kila rangi na namna yake ya sauti, maneno ya lugha 5. Nilipoiona karatasi ile niliifuata kwa kidole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Na Berberian huyohuyo aliimba pia nyimbo za Monteverdi, mtunzi wa kale wa Italia! Koo huharibiwa na kulazimishwa. Mwombe mtunzi wa kwaya yenu wimbo mmoja, uandikwe kwa sauti yako.