Florini inayokataa kushikana

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Najifunza kemia ya kwantamu kwa kompyuta. Nimepiga hesabu ya molekuli ya florini, F2, kwa njia ya Hartree-Fock, na nishati ya molekuli imetoka juu kuliko ya atomu mbili zilizoachana, kana kwamba hazishikani! Nimeongeza seti ya fanksheni (zile zinazochora wimbi la elektroni) mara tatu, hali ni ileile. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi aliyekwama

JIBU: Marahaba. Hujakosea. Mimi mwenyewe, florini iliponikuta mara ya kwanza, nilishinda wiki nzima nikikagua faili langu herufi kwa herufi, nikitafuta nukta iliyohama. Faili lilikuwa safi. Kasoro ni ya njia yenyewe.

Katika Hartree-Fock, kila elektroni huona wingu la wastani tu la wenzake, haijui nani yuko wapi kwa sasa. Zenye spini (usumaku wa asili wa elektroni) sawa angalau hutenganishwa na kanuni ya Pauli, inayozikataza kukaa mahali pamoja. Lakini mbili zenye spini kinyume, zinazokaa obiti moja, hupishana kama vipofu. Kwa kweli hukwepana: moja ikiwa upande huu wa kiini, nyingine huelekea upande wa pili. Punguzo la nishati litokanalo na kukwepana huko ndilo tunaloliita nishati ya korelesheni.

Chukua heli, yenye jozi moja tu. Hartree-Fock hufika −2.8617 hartree (kipimo cha nishati), jibu sahihi ni −2.9037. Tofauti ni 0.042, asilimia 1.4 hivi. Usiidharau! Ni takriban kilojuli 110 kwa moli, ilhali bondi yote ya F2 ni kama kilojuli 155.

Sasa hesabu jozi zako. Atomu ya florini ina elektroni 9: jozi nne na moja isiyo na mwenzake. Atomu mbili zina jozi 8. Zikiungana, jozi ya 9 huzaliwa, na jozi pweke za pande zote mbili husongamana kwenye bondi fupi ya angstromu 1.41. Hartree-Fock huikosa korelesheni hiyo ya ziada, kwa hiyo molekuli hupunjwa kuliko atomu zake, na kwa bondi dhaifu kama hii, kupunjwa huko kunatosha kuifuta kabisa. Ukiongeza seti unasogelea ukomo wa Hartree-Fock, na ukomo wenyewe ndio mbovu.

Tumia CCSD(T), njia inayoihesabu korelesheni. Ni ghali: mfumo ukikua maradufu, kazi huongezeka takriban mara 128, bahati nzuri F2 ni ndogo. Hapo ndipo seti kubwa italipa, kwa sababu elektroni mbili zinapokutana fanksheni ya wimbi huwa na ncha kali, na fanksheni laini huichonga kwa taabu. Mwanafizikia Hylleraas aliliona hilo mapema. Mwaka 1929 aliingiza umbali kati ya elektroni moja kwa moja kwenye hesabu ya heli. Njia za F12, zinazoongezwa juu ya njia kama CCSD(T), zimerithi ujanja huo, nami nakushauri uzijaribu kabla ya kununua kompyuta kubwa zaidi.

Usiivute bondi mbali sana, maana huko CCSD(T) nayo huteleza. Na kabla ya kutoa nishati ya molekuli kwenye ya atomu, hakikisha umeiambia programu kwamba kila atomu ina elektroni moja isiyo na mwenzake. Hilo mimi nililisahau.