Mafia kwa anayeanza: uliza maji kabla ya kuuliza bei

Dada uliyeuliza kama likizo ya Desemba uende kutazama matumbawe kisiwa cha Mafia au Mnemba, kile kisiwa kidogo cha pembeni ya Unguja, na kama mtu anayeogelea "kwa kujikongoja" anaweza kubeba mtungi wa hewa wa kuzamia mgongoni siku ya kwanza: nimekwenda Mafia mara sita tangu 2016, na safari mbili za kwanza nilikuwa mjinga kamili. Ndiyo maana naandika kwa urefu. Na kabla watani hawajaamka: ndiyo, mimi ni mzamiaji, lakini si wa melini.

Nimekulia Tanga, na pamoja na upwani wangu wote, sikuwahi kufumbua macho chini ya bahari mpaka nilipofika miaka 31. Kwetu bahari ilikuwa ya kuvua, ya kusafiria na ya kuogea sikukuu. Matumbawe tuliyajua kama mawe ya kuchomea chokaa. Milio ya baruti za wavuvi tuliisikia asubuhi tukielekea shule, ingawa uvuvi huo ulipigwa marufuku tangu 1970. Kwa hiyo usione haya kuwa mgeni wa kitu kilicho mlangoni kwako.

Safari ya kwanza nilipanga kama unavyopanga wewe, kwa tarehe za likizo. Nikatafuta mashua ya bei nafuu pale kijijini Utende, tukatoka asubuhi na mapema kuelekea mlango wa Kinasi, ambako ghuba ya Chole inafunguka kwenye bahari kuu. Nikavaa miwani, nikajitosa. Maji yalikuwa kama supu ya dengu. Nikapiga miguu dakika kumi hivi, na kila nikitazama chini naona tumbawe lilelile. Niliporudi chomboni nikaanza kulalama kwamba nimeibiwa pesa yangu. Nahodha, mzee wa makamo, akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, leo ni siku ya kumi na sita tangu mwezi uandame, na maji yanatoka. Ulitaka uone nini?"

Hapo ndipo penye jibu langu lote kwako. Ghuba ile imezungukwa na Mafia yenyewe, Chole, Juani na Jibondo, na sehemu kubwa ni ya kina kifupi. Maji yakipwa, yanatoka na tope na takataka zake zote, na yanapita kwenye ule mlango mwembamba kwa kasi. Yakijaa, yanaingia maji safi ya bahari kuu na unaona mbali. Ndiyo maana wazamiaji wa Kinasi huingia maji yakiwa yanajaa. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mkondo una nguvu nyingi mno kwa mtu anayeanza. Maji mafu, takriban kuanzia siku ya nane hadi ya kumi tangu mwezi uandame, na tena ya ishirini na mbili hadi ya ishirini na nne, mambo hutulia. Usiangalie tu kalenda ya ofisini. Chukua ya mwezi, hesabu, halafu ndiyo uombe ruhusa kwa bosi.

Desemba yenyewe ni nzuri. Upepo wa kaskazi unakuwa umeshika, na unaweza kutoka nje ya ghuba siku nyingi. Kipenzi changu lakini ni Oktoba na Novemba, wakati kusi limekufa na kaskazi halijakaza, bahari inalala kama mafuta kwenye sahani. Ukienda Juni hadi Agosti utabaki ndani ya ghuba tu, na maji yana ubaridi wa kukufanya ukumbuke nyumbani.

Sasa, mtungi au snokeli, yaani lile bomba la kupumulia ukiwa umelala juu ya maji? Snokeli kwanza, tena bila kujiona umepewa cha watoto. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya mwili wake kuna mwani mdogo unaompa chakula, na mwani huo unahitaji jua. Kwa hiyo uhondo mwingi uko juu, mita tano za kwanza. Zaidi ya hapo rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea. Ukifika mita kumi bila tochi, kitu chekundu kinaonekana kijivu au hudhurungi. Watu wanalipa kuzama mita 18 kwenda kutazama ubluu, huku nyekundu, njano na zambarau zimebaki juu kwa mwenye bomba mdomoni.

Anayeogelea kwa kujikongoja avae jaketi la kuokolea, alale kifudifudi, asikimbilie popote. Miwani ijaribu nchi kavu: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua, ikinasa, inakufaa. Temea mate ndani, paka, suuza, haitapata ukungu. (Wanaume wenye sharubu, maji yatapenya. Mimi zangu nilizinyoa Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, mke wangu alicheka wiki nzima.) Kuhusu stara uliyogusia, usihofu kabisa. Fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana ndiyo vazi bora hata kwa wasiojali stara, kwa sababu mgongo unaungua bila wewe kujua. Baadhi ya mafuta ya kuzuia jua yana kemikali zinazodhuru matumbawe, kitambaa hakina.

Tena usisimame. Hili nalisema kwa ukali kidogo. Mtu akichoka hutafuta pa kukanyaga, na kinachokuwa chini ni tumbawe la mviringo ambalo huenda linakua sentimita moja hivi kwa mwaka. Lililo na ukubwa wa sufuria ya pilau ya harusi huenda ni mzee kukuzidi wewe. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe mengi ya Mafia yalipauka na kufa, na joto limerudi mara kadhaa tangu hapo. Utaona sehemu zilizojaa vipande kama mifupa, na juu yake machipukizi mapya. Ni hayo machipukizi ambayo kisigino chako kinayamaliza.

Mtungi niliujaribu safari ya pili, na hapo nilifanya kosa la aibu zaidi: nilikuwa na mafua, nikanyamaza ili nisikose zamu. Mita tatu tu chini, nikahisi msumari unaingia sikioni. Kiongozi wangu aliona uso, akanishika mkono tukapanda. Wiki mbili nilisikia watu kama wanaongea wakiwa ndani ya pipa. Kisa chake ni kwamba mita kumi chini mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, na mabadiliko makali zaidi ni hizo mita za mwanzo. Unabana pua na kupuliza taratibu kabla ya kuumia, kila baada ya nusu mita hadi mita moja. Pua ikiziba, hewa haina njia. Usimeze dawa ya mafua ili ulazimishe, maana ikiisha nguvu ukiwa chini, utapata taabu wakati wa kupanda.

Mengine yote utafundishwa, ila mawili yakae kichwani tangu sasa. Usibane pumzi kamwe ukiwa na mtungi: hewa uliyovuta chini inatanuka unapopanda, na mapafu si puto. Na panda polepole, isizidi mita tisa kwa dakika, kisha tulia mita tano kwa dakika tatu. Onja-onja ya siku moja pamoja na mwalimu haivuki mita 12, wala haikutaki uwe bingwa wa kuogelea. Kozi kamili inakutaka uogelee mita 200 bila kupangiwa muda na kuelea dakika kumi. Una miezi ya kufanya mazoezi. Fomu ya afya ijaze kwa ukweli, hasa pumu na ujauzito.

Halafu kuna potwe, yule papa mkubwa mno, maana najua ndiyo picha ulizoziona. Hao hawako kwenye matumbawe. Wanakuja upande wa Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Februari hivi, kufuata uduvi kwenye maji yanayopokea rutuba ya Rufiji. Kwa hiyo maji yao ni ya kijani na mazito, na utaingia kwa snokeli, si kwa mtungi. Mnyama mwenye urefu wa mashua anatokea ghafla toka kwenye ukungu, mdomo wazi, na wewe unasahau dini na kabila. Hang'ati. Kaa mita tatu au nne pembeni, usimguse, usimzibe njia. Kama nahodha anamfukuza kwa injini, mwambie azime. Mteja ni wewe.

Mnemba nimefika mara moja. Maji maangavu, samaki wengi, pomboo pia, lakini mashua zilikuwa nyingi hadi nikawa naona visigino vya watu kuliko samaki. Ukiwa uko Unguja tayari, nenda alfajiri. Kama safari ni ya matumbawe tu, nenda Mafia. Hifadhi ya bahari ya pale ilianzishwa 1995, ya kwanza nchini, kilomita za mraba 822, na chewa wa Kinasi wanakutazama bila kukimbia. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni, beba kitambulisho, tunza risiti.

Kufika: ndege kutoka Dar, au gari hadi bandari ya Nyamisati kisha chombo cha baharini hadi Kilindoni, ambacho nacho kinafuata maji. Ukizama kwa mtungi zaidi ya mara moja, usipande ndege kabla ya saa 18 kupita. Mimi hufanya siku ya mwisho iwe ya Chole, kutazama popo na kula pweza.

Ukipata tarehe ziandike hapa pamoja na tarehe ya mwezi mwandamo, nitakuambia maji yatajaa saa ngapi.