Nyuma ya Kaunta: Kopo Moja, Mke na Mume

SWALI: Mama mfamasia, shikamoo. Nina miaka 38, niko Makorora, Tanga. Mwezi wa pili jirani yangu aliingia kwenye biashara ya virutubisho, akaniuzia kopo la vidonge 60 kwa shilingi elfu sabini, nikalipa kwa mafungu. Nilikuwa nimepimwa damu ikawa 9.8, nikaona nianze na hivyo. Nameza kimoja asubuhi na chai. Baba watoto, ana miaka 52, dereva wa lori, naye akaliona kopo akaanza kumeza viwili kwa siku, anasema vinamwondolea uchovu. Kwa hiyo kopo halifikishi wiki tatu. Juzi kaniambia choo chake kimekuwa cheusi. Jirani anasema hizo ni sumu zinatoka mwilini. Kwenye kopo kumeandikwa kila kidonge kina chuma miligramu 18. Dawa nyingine hanywi, ila mgongo ukimsumbua hununua diklofenaki dukani. Je, tununue makopo mawili, kila mtu na lake?
Mama wa watatu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa sasa msinunue hata moja. Nilipofika kwenye diklofenaki nilirudi juu nikaisoma barua yako upya, maana umeuliza la makopo na mimi limenishika la choo.

Madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi. Hilo ni kweli, wala si sumu: ni chuma ambacho utumbo haukukichukua, kinapita zake. Lakini diklofenaki nayo, ikimezwa mara kwa mara, tena na dereva anayeshinda njaa mpaka afike kituo kinachofuata, huchubua tumbo hadi likavuja damu. Damu ya tumboni ikishapita kwenye utumbo haitoki nyekundu, hutoka nyeusi. Choo cha chuma ni cheusi tu, au kijani kilichokolea. Cha damu hung'aa kama lami, kinanata, na harufu yake utaijua hata ukiwa nje ya mlango. Najua si jambo la kuulizana mezani, muulize hivyo hivyo. Kama ni cha lami, au anaona kizunguzungu, au moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, ni hospitali leo, si akirudi kutoka safari. Na hata kama si cha lami, aache kopo, aache diklofenaki, apimwe damu wiki hii hii.

Sasa nije kwenye hilo kopo. Mwanamke wa umri wako anahitaji chuma kama miligramu 18 kwa siku. Mwanamume anahitaji 8 tu. Tofauti hiyo yote ni hedhi, na ndiyo maana aliyetengeneza kopo lenu akaandika 18: alikuwa anamfikiria mwanamke. Mumeo anameza 36, hapo hujahesabu dagaa, maharage na nyama choma ya njiani. Kikomo cha mtu mzima ni 45, kwa hiyo hajavuka, ila sioni anachokitafuta huko. Mwili hauna njia maalumu ya kukitoa chuma kilichozidi, unachoweza ni kupunguza kukipokea. Na wapo watu ambao miili yao hata hilo la kupunguza haiwezi, hawajijui, kikajazana kwenye ini mwaka hadi mwaka.

Uchovu wake tusiufunike kwa vidonge. Mwanamume mzima akikutwa na upungufu wa damu, hatukimbilii kumwongezea chuma, tunauliza kwanza damu yake inakwenda wapi. Pwani yetu hii majibu hayako mbali: vidonda vya tumbo, safura, kichocho. Na kama damu yake iko sawa, bado kuna usingizi wa dereva, sukari na presha vya kuangalia. Akikwambia vidonge vinafanya kazi kwa sababu mkojo umekuwa wa manjano ya kung'aa, mwambie hiyo ni vitamini B2 iliyozidi, mwili umeimwaga. Sehemu ya zile elfu sabini inaishia chooni.

Wewe sasa. Kwa mwanamke asiye mjamzito, damu chini ya 12 ni pungufu, na 9.8 si ya kufanyia majaribio. Kopo lile limetengenezwa kuziba pengo dogo la chakula, halikutengenezwa kutibu. Kidonge cha kawaida cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma chenyewe kama miligramu 65, na bei yake hata jirani yako akiisikia atanyamaza. Nenda kituo cha afya na karatasi yako ya 9.8, wakuandikie dozi. Damu ikishapanda usiache siku hiyo hiyo, endelea kama miezi mitatu ghala lijae. Waambie pia hedhi yako ikoje. Ukibadilisha pedi kila saa, au yakitoka mabonge, wakuangalie kizazi kama kuna uvimbe, la sivyo tutakuwa tunajaza ndoo iliyotoboka. Na kama kuna uwezekano wa mimba, sema mapema.

Chai iache mbali na kidonge. Chai, hata ya rangi, inakishika chuma kisiingie mwilini. Meza saa moja kabla ya chai au saa mbili baada yake, na chungwa. Mtu wa Tanga, machungwa ya Muheza yako mlangoni kwako, vitamini C ya kopo ya nini?

Hilo kopo lililobaki malizia wewe ukipenda, mara tu matibabu yakiisha, kimoja kwa siku. Yeye asiliguse.

SWALI: Shikamoo mama. Niko kwenye ARV mwaka wa nne, kile kidonge kimoja cha TLD, virusi havionekani. Nimeanza mazoezi ya vyuma, mwalimu kaniambia ninunue zinki, magnesiamu na kriatini. Ninaruhusiwa?
Kijana wa Mwanza, miaka 33

JIBU: Marahaba, na hongera kwa miaka minne. Zinki na magnesiamu hazikatazwi, ila saa zipangwe. Ndani ya TLD kuna dolutegravir, nayo ikikutana tumboni na madini hayo hushikana, dawa ikaingia mwilini kidogo kuliko inavyotakiwa. ARV imezwe angalau saa mbili kabla ya madini, au saa sita baada yake. Kama yako ni saa tatu usiku, madini yaende na chakula cha saa saba mchana, basi. Dawa nyingi za kiungulia nazo zina magnesiamu, zihesabu humo humo.

Kriatini nisingeanza bila kliniki yako kujua. Hupandisha kipimo cha kreatinini, ambacho ndicho wanachokitumia kuangalia figo zako. Dolutegravir pia hukipandisha kidogo bila kudhuru figo. Lakini tenofovir, iliyo kwenye kidonge hicho hicho, inaweza kudhuru figo kweli. Daktari akiona namba imepanda na hajui unalamba poda gani, atabahatisha, na unaweza kubadilishiwa dawa inayokufaa bila sababu. Nenda na kopo lenyewe mkononi.

SWALI: Dada mfamasia, salaam. Nina miaka 61, nina presha na ugonjwa wa moyo. Kuna asali ya nguvu za kiume ya pakiti ndogo inauzwa hapa mjini, imeandikwa ni asilia. Asali inaweza kudhuru?
Mzee wa Mombasa

JIBU: Kaka, asali haina neno, ubaya ni kilichofichwa ndani yake. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilizionya kampuni nne zilizouza asali za namna hiyo baada ya kukuta sildenafili na tadalafili, yaani dawa zenyewe za nguvu za kiume, ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti. Ukiwa unatumia dawa za naitreti, kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, vikikutana presha inaporomoka, mtu anaweza asiamke. Usiilambe. Tatizo lenyewe mweleze daktari wako wa moyo bila haya, analisikia kila siku, na huenda ni dawa yako ya presha inayolileta.

Na kama umeshailamba na kifua kikabana, usiweke kidonge chini ya ulimi. Nenda hospitali, uwaambie ulichokula na saa uliyokila, na ile pakiti tupu uwe nayo mfukoni.