Kichanganuzi kimekubali sentensi yangu ya Lojban, mbona haieleweki?

SWALI: Ninajifunza Lojban, lugha ya kubuni yenye sarufi ya kimantiki, na huu ni mwezi wangu wa tano. Nimekariri maneno ya msingi zaidi ya 700 kwa kadi, na kila sentensi ninayoandika huipitisha kwenye kichanganuzi cha sarufi, yaani programu inayopima kama sentensi imefuata sarufi, nacho huikubali. Lakini nikiwaandikia waliobobea, wananiuliza nilikusudia kusema nini. Juzi nilimwandikia mmoja "mi dunda do lo cukta", yaani "nakupa kitabu", akanicheka. Sasa nashauriwa nilipie kwanza kozi ya kufikiri kimantiki, eti sarufi itakaa yenyewe baadaye. Nilipe?

JIBU: Usilipe.

Mwenzako alicheka kwa sababu umemwambia kwamba unamchukua yeye, unamkabidhi kwa kitabu. Neno "dunda" lina nafasi tatu, na mpangilio wake ni mtoaji, kitu kinachotolewa, kisha mpokeaji. Kiswahili kimekuzoesha kumtanguliza mpokeaji. Katika "nakupa kitabu", yambwa tendewa imeshaingia ndani ya kitenzi kabla kitabu hakijatajwa. Ukauhamisha mpangilio huo ulivyo. Ulitakiwa uandike "mi dunda lo cukta do". Kama unapenda sana mpokeaji atangulie, basi "mi dunda fi do fe lo cukta", ambapo "fi" inatangaza nafasi ya tatu na "fe" nafasi ya pili.

Na kichanganuzi hakikukosea. Mtu kukabidhiwa kwa kitabu ni sentensi safi kisarufi. Ni wendawazimu, lakini sarufi haipimi wendawazimu.

Hapa ndipo ninapochoka, maana swali hili hunijia kila mara kwa sura tofauti. Watu wamesikia kwamba Lojban haina utata, wakaelewa kwamba ukiipatia sarufi umepatia na maana. Ahadi ya lugha hii ni finyu kuliko hivyo: sentensi iliyo sahihi ina njia moja tu ya kuchanganuliwa kisintaksia. Chukua maneno haya ya Kiswahili: "mtoto wa mwalimu mpole analala". Nani mpole? Mtoto na mwalimu wote wako ngeli moja, kwa hiyo upatanisho haukusaidii. (Ingekuwa "kitabu cha mwalimu mpole", ngeli ingekwisha kukujibu.) Katika Lojban ni lazima uchague. "Lo panzi be lo xendo ctuca cu sipna" ni pale mwalimu anapokuwa mpole, na "lo xendo panzi be lo ctuca cu sipna" ni pale mtoto anapokuwa mpole. Hakuna sentensi ya katikati itakayokufichia uvivu.

Ahadi inaishia hapo. Weka maneno mawili ya msingi bega kwa bega, "gerku zdani", mbwa na makazi. Sarufi inasema neno la kwanza linalifafanua la pili, basi. Ni banda analolala mbwa? Nyumba yenye umbo la mbwa? Nyumba ya mtu anayefuga mbwa? Lojban inakataa kusema, na inakataa kwa makusudi, kwa sababu waliobuni lugha walitaka watu waweze kutunga dhana kwa haraka. Utata wa maana umeachwa mlango wazi. Asiyejua hivyo atajenga mnyororo wa maneno manne, kichanganuzi kitampigia saluti, na msomaji ataachwa akikuna kichwa.

Nakuonyesha mitego miwili zaidi ambayo nina hakika umo ndani yake. Wa kwanza ni "cu" iliyosahaulika, kile kineno kinachotangulia kiarifu. "Lo gerku cu bajra" maana yake mbwa anakimbia. Ondoa "cu" ubaki na "lo gerku bajra", na hapo hakuna anayekimbia wala kufanya lolote. Umetaja tu mkimbiaji wa aina ya kimbwa, ukanyamaza. Kichanganuzi kinapokea kirai hicho bila kinyongo, kwa sababu hata katika mazungumzo mtu huweza kujibu kwa kirai kitupu.

Wa pili ni "djica", kutaka. Wanafunzi karibu wote huandika "mi djica lo plise", nataka tufaha. Inapita. Lakini nafasi ya pili ya "djica" inadai tukio au hali, na tufaha si tukio. Unataka lifanywe nini? Ulile, ulichore, uliuze? Ama useme "mi djica lo nu mi citka lo plise", nataka kula tufaha, ama uweke "tu'a" mbele ya tufaha ukiri kwamba umeruka maelezo. Kadi yako inasema "djica: kutaka", ikakomea hapo. Ndiyo maana maneno 700 hayajakufaa. Umekariri tafsiri 700, hujakariri nafasi, na katika lugha hii nafasi ndiyo sarufi yenyewe. Hata ungemaliza yote, takriban 1,350, ungebaki pale pale.

Kwa hiyo zipunguze kadi. Shika maneno hamsini na uyageuze. "Lo dunda" ni mtoaji, "lo se dunda" ni kinachotolewa, "lo te dunda" ni mpokeaji. Aliyekulia kwenye kula, kuliwa, kulia na kulisha hana sababu ya kuiogopa "se". Mkazo nao hautakusumbua, uko silabi ya pili kutoka mwisho kama ulivyozoea.

Sasa hiyo kozi. Biashara ya kuuza "akili ya kimantiki" kwa jina la Lojban inaniudhi, na nitaeleza kwa nini. James Cooke Brown alianza kubuni Loglan, mama wa Lojban, mwaka 1955, akikusudia kupima kama lugha inaunda fikra za msemaji wake. Lilikuwa swali. Mwaka 1987 waliojitenga naye wakaanzisha Lojban, na hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba kuizungumza kunamfanya mtu afikiri vizuri zaidi. Swali la mtafiti limegeuzwa tangazo la muuzaji. Unaweza kusema uongo kwa Lojban, ukabisha kijinga kwa Lojban, ukajichanganya mwenyewe kwa Lojban, na kila sentensi ikachanganuliwa bila kasoro. Mantiki unayohitaji ni kujua "kila" na "baadhi" zinatofautianaje, na kitabu chochote cha sarufi yake kitakufundisha ukifika hapo.

Wapo pia wanaokwambia uache kujifunza, programu ya akili mnemba itakutafsiria. Nimezisoma tafsiri hizo. Nyingine zina maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote, yamefinyangwa tu yafanane na Lojban, na nyingine zinapita kwenye kichanganuzi huku nafasi zimevurugika kama zako. Anayeanza hana jicho la kuona tofauti.

Akija mtu kukuuzia kozi au njia ya mkato, mpe sentensi ya mtoto wa mwalimu mpole aitafsiri. Akikuletea jibu bila kukuuliza kwanza nani mpole, mrudishie karatasi yake.