Mbwa anaweza kusaidia mtu mwenye kuwa na trauma?

SWALI: Jambo kwenu. Mi ni mama wa Kadutu, hapa Bukavu. Mdogo wangu alikimbia Goma kisha vita ya Januari 2025 na tangu afike kwangu halalake, usiku anapiga makelele, mlango ukijigonga anajitupa chini anatetemeka. Kitu chenye kinamtuliza ni mbwa wetu Simba. Shemeji yangu mwenye iko Marekani anasema kule mbwa wanafundishwa kusaidia wagonjwa wa akili mpaka wanapanda nao mu bisi. Ni kweli? Simba anaweza? Majirani wanatucheka, eti mbwa ni wa kulinda parcelle.

JIBU: Dada yangu, pole sana, wewe na mdogo wako. Shemeji hakukudanganya. Marekani iko sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990, na ugonjwa wa akili unahesabika humo, sasa mbwa mwenye amefundishwa kazi ya huo ugonjwa anaingia na mwenyewe mu duka, mu bisi, mu hospitali. Lakini kanuni zao za 2010 zinadai kazi kabisa, mbwa wa kubembeleza tu hahesabiki. Kazi gani? Anaamsha mtu mwenye anaota vita, anawasha taa kwa pua, anakumbusha saa ya dawa, mu watu wengi anasimama kati ya mwenyewe na wale wenye wanamsukuma. Na mtu akianza kutetemeka, mbwa anapanda anamlalia mapajani na kilo zake zote, ule uzito na ule moto wa mwili vinamrudisha mtu polepole, pumzi inashuka. Mu 2021 walipitisha mpaka sheria ya kujaribu kazi ya kufundisha mbwa pamoja na wanajeshi wa zamani wenye trauma.

Kumfundisha mbwa wa vile kunaweza maliza miaka miwili na pesa nyingi sana, kwa hiyo usitegemee Simba afike pale. Ila majirani uwaambie hapa kwetu mu parke ya Virunga, kule Rumangabo, mbwa walishafundishwa kufuata harufu ya majangili na kunusa silaha, kwa hiyo mbwa anajua kazi ingine kupita kulinda parcelle!

Nilishaona kijana mmoja hapa, bomu ilikuwa imemuharibu kabisa, mbwa wao alikuwa anamsukumia pua yenye maji mu kiganja mpaka ngumi inafunguka, hakuna mwenye alimfundisha. Ile ngumi kufunguka, dada, sitaisahau.

Basi fanya hivi. Kwanza mpeleke mdogo wako SOSAME, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Bukavu, ya wale Frères de la Charité, wana madaktari wa akili, usingojee, juu Simba hawezi kushika nafasi ya dawa na ya mtu wa kumsikiliza. Akisema anataka kufa, mpeleke siku ileile, usimwache peke yake. Kisha mpe yeye mwenyewe kazi ya kulisha Simba na kumtembeza asubuhi, juu mtu mwenye hataki kuamka ataamka kwa sababu mbwa ana njaa. Simba achomwe chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na musimpige hata kidogo, mbwa wa fimbo anauma. Na usiku mlango wa chumba cha mdogo wako uuache wazi kidogo, Simba aweze kuingia.