ULIZA FUNDI: Vioo vimeota madoa meupe, ninunue dawa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni dereva wa Noah niko huku Kigoma mwisho wa reli, napiga ruti ya mjini na Kasulu. Gari sio langu ni la bosi ndo maana naandika kabla hajaanza kuuliza. Kila jioni naliosha Kibirizi kwa maji ya ziwani, kuna dogo anamwaga ndoo tatu nne afu tunaliacha lijikaushe lenyewe. Asubuhi vioo vya pembeni vina madoadoa meupe kama mtu karushia chokaa, nikifuta na gazeti lililolowa yanaisha, jua likipiga yanarudi palepale. Sasa kuna duka moja wameniambia ipo dawa ya kupaka kioo, ukishapaka doa halikai tena maisha, chupa elfu thelathini na tano. Ninunue au ndo naliwa? (Dereva, Mwanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Dawa ipo kweli na inafanya kazi, ila hapo kwenye "maisha" wamekupiga fiksi, na ukiipaka kwenye hivo vioo vilivyo sasa hivi hela yako imeenda.

Tuanze na hilo la kurudi. Madoa hayarudi, hayajaondoka! Kioo kikiwa kimelowa doa halionekani, kikikauka linajitokeza tena, we unadhani ni jipya kumbe ni lile lile la juzi. Pitisha ukucha taratibu juu yake utasikia linakwaruza, hicho unachokisikia ni jiwe kabisa, ni ndugu wa ule weupe unaoganda chini ya birika la chai. Maji yameondoka madini yamebaki.

Na maji yetu ya ziwani yana madini kwelikweli. Ziwa Tanganyika lina kina mpaka mita 1,470, duniani linapitwa na Ziwa Baikal la Urusi tu, ila mto unaotoa maji ni mmoja, Lukuga upande wa Kongo, sehemu kubwa ya maji inaondoka kwa kukaushwa na jua. Jua linabeba maji linaacha chumvichumvi, huku mto Rusizi nao unazidi kushusha nyingine kutoka Ziwa Kivu, miaka nenda rudi. Ndo maana maji yale yamekaa kimagadi-magadi, pH, kile kipimo cha uchachu na umagadi, inacheza kwenye 9 wakati maji ya kawaida ni 7, na magnesiamu iliyomo ni nyingi kuliko kalsiamu. Sasa lile tone linalokauka kwenye kioo cha bosi wako linafanya kazi ile ile ya ziwa, ila lenyewe linamaliza kwa dakika kumi.

Kwa hiyo kwanza toa ya zamani. Nunua siki nyeupe ya kawaida ya dukani, changanya nusu kwa nusu na maji, lowesha kitambaa, kibandike kwenye kioo ukiache kama dakika tano hivi usisugue, iache siki ifanye kazi yenyewe. Ukikibandua kwa upole na doa likiwa nene unaweza kuona vipovu vidogovidogo pembeni yake, hapo ujue linaliwa. Futa, suuza kwa maji mengi, hasa kwenye mipira na rangi ya bodi, siki isikaukie huko. Huna siki, kamua ndimu, ni kazi ile ile ila inanata, suuza zaidi.

Na tafadhali usimsikilize mtu wa asidi ya betri. Najua wapo, nimewaona. Ukiacha kwamba inaunguza mikono na rangi, ile asidi ikikutana na chokaa inatengeneza jasi, hii hii ya kupigia dari, ambayo kwenye maji haiyeyuki kirahisi, yani umetoa doa umeweka plasta. Ya kusafishia choo nayo iache chooni, inakula alumini.

Ukishapiga siki mara mbili na bado kuna viduara vinaonekana, hapo doa limeshaanza kula kioo chenyewe au ni lile la silika, madini ya jamii ya mchanga, ambalo siki hailiwezi. Hilo tafuta fundi wa vioo mwenye poda ya seriamu oksaidi, analisugua taratibu na pedi. Kazi ya nusu siku, na kama limechimba sana hata yeye atakwambia ukweli.

Sasa ndo tuje kwenye dawa yenyewe. Umewahi kuona tone la mvua kwenye jani la magimbi? Linajikunja kama goroli, linateleza, jani linabaki kavu. Kioo chenyewe kwa asili kinapenda maji, maji yakigusa yanatandaa. Dawa nyingi za bei ya kawaida ni silikoni kwenye spiriti, Rain-X ya Marekani imekuwa sokoni tangu 1972 na hizi nyingine nyingi zimefuata njia hiyo, ile silikoni inajishika kwenye kioo na kugeuza uso wake usipende maji tena. Matone yanasimama, gari likikimbia upepo unayasukuma yanaondoka. Ukiwa barabara ya Kasulu kwenye mvua ya Machi utaifurahia mwenyewe.

Lakini gari likiwa limeegeshwa? Hapo wauzaji huwa hawapagusi. Tone lililojikunja kama goroli likikaukia palepale linaacha madini yote sehemu moja, kiduara kidogo kinene. Kwa hiyo ukipaka dawa afu ukaendelea na mtindo wako wa ndoo tatu na kuliacha lijikaushe, madoa utayaona vilevile, tena yamejipanga vizuri. Tofauti ni kwamba doa limekaa juu ya dawa halijashika kioo, ukipitisha kitambaa chenye maji linatoka bila vita. Hicho ndo unachonunua, urahisi wa kufuta. Mi kwa elfu thelathini na tano naona inalipa kwa dereva anayeosha kila siku, ila kitambaa kizuri cha maikrofaiba cha kukaushia kinalipa zaidi na ndo ningeanza nacho.

Kuipaka nako kuna mambo. Nikwambie ya kwangu. Mara ya kwanza nilipaka Probox yangu saa saba mchana juani, kioo kimechemka unaweza kukaangia yai, na kitambaa nilikitoa nyuma ya siti ambako siku mbili kabla nilikuwa nimebeba madumu ya mawese. Ile dawa ikakauka kabla sijaisambaza, kioo cha mbele kikawa na michirizi ya mafuta kama kimepigwa mswaki, usiku taa za gari la mbele zikawa zinachanua kama ua zima. Waipa nazo zikaanza kuruka zinalia kwe kwe kwe, abiria mmoja mama mtu mzima akaniuliza, "Mwanangu, umebeba bata?" Nilikesha nakisugua kile kioo.

Kwa hiyo kivulini, kioo kikiwa cha baridi. Osha, piga siki, suuza, kausha, afu pitisha spiriti kuondoa mafuta yote, na kitambaa kiwe kipya. Paka kidogo kwa mzunguko, sehemu ndogo ndogo, subiri iwe na ukungu, futa na kitambaa chenye unyevu mpaka kiwe safi kabisa. Waipa zifute na spiriti pia, na kama umejaribu zikalia sana kioo cha mbele kiache, paka vya pembeni na nyuma tu, shida yako si iko huko? Hizi za kawaida zinakaa wiki kadhaa mpaka miezi michache, za seramiki zinakaa muda mrefu zaidi na bei nayo inapanda. Maji yakianza kutandaa badala ya kujikunja, imeisha, rudia.

Kitu kingine ambacho hukuuliza, ndoo ya mwisho iwe ya maji ya mvua. Yale hayana madini ya kuacha. Kinga kwenye tenki au pipa, ila mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la bati kwanza. Masika hii weka madumu mawili pembeni kwa ajili ya vioo tu. Na hapo ufukweni mwambie dogo abebe maji mwoshee juu mbali na ziwa, sheria ya mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye maji, na hayo mapovu yenu ndo wanakooga dagaa.

SWALI: Fundi, mi niko Tabora, gari linalala chini ya mwembe, asubuhi kioo kina vitone vinanata, havitoki na maji. Siki itasaidia? (Mama Salma)

JIBU: Hapana dada, hayo sio madini, ni sukari. Kuna wadudu wadogo wanafyonza majani ya mwembe na kudondosha utomvu mtamu, ukikaa vumbi linajishikiza. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, lowesha dakika mbili, linatoka. Usitumie ya moto sana kwenye kioo cha baridi kitapasuka. Dawa ya kioo kwako itasaidia kweli maana havitashika sana. Kuhamisha gari sikushauri, Tabora ukikimbia mwembe mmoja unaegesha chini ya mwingine.

SWALI: Naweza kupaka hiyo dawa upande wa ndani ili kioo kisishike ukungu? (bila jina)

JIBU: Usipake, hii ni ya nje. Ya ukungu ni dawa nyingine. Na kama una tinti usifute ndani na kitu chochote chenye amonia, itabanduka.